Chevrolet Bel Air ya 1957 yenye milango minne: kwa nini gari la familia ndo linachinjwa?

Fundi wa Ilala:

Wakuu habari za wikiendi. Huu uzi nilitaka kuuandika tangu mwaka jana nikawa naahirisha, leo theluji imenifungia ndani huku Ohio kwahiyo acha niushushe wote.

Kuna gari moja ya Kimarekani ambayo kila mtu anaijua hata kama hajui jina lake. Ile yenye mapezi nyuma, rangi mbili, kromu mpaka inaumiza macho, mnaiona kwenye kalenda na kwenye fulana za mtumba. Ni Chevrolet Bel Air ya 1957. Sasa ziangalie vizuri hizo picha, karibu zote ni ya milango miwili au ile ya wazi isiyo na paa la chuma. Mimi nataka niongelee ya milango minne, sedan yenyewe, ile ambayo baba aliinunua ili mama, watoto na bibi waingie wote wakae vizuri.

Mwaka ule wa modeli Chevrolet walitoa sedan za Bel Air za milango minne 254,331. Hakuna bodi ya Bel Air iliyotoka nyingi kama hiyo. Nomad, ile stesheni wagoni ya milango miwili ambayo leo watu wanauza viwanja ili waipate, zilitoka kama elfu sita tu. Bei ya sedan yenye silinda sita ilianzia dola 2,290. Kwahiyo Mmarekani wa 1957 ukimwambia Chevrolet mpya, anayoiona kichwani kwake ni hii ya milango minne iliyopaki nje kwa jirani.

Leo nenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani huku, utazikuta za milango miwili zimepangwa kama maharusi, ya milango minne moja ipo pembeni na watu wanaipita. Na ukienda kwenye gereji ndo utaumia zaidi, maana hizi sedan kwa miaka mingi zimekuwa gari za kuchinja. Kuanzia kioo cha mbele kwenda mbele, sedan na ya milango miwili ni kitu kimoja: boneti, madigadi, grili, bampa, taa, na ukiingia ndani hata dashibodi ni ile ile. Mtu ana hardtop yake, yaani ya milango miwili isiyo na nguzo katikati, iliyooza mbele, anatafuta sedan ya bei rahisi, anakata pua yake, anang'oa dashibodi na injini, kilichobaki anakipeleka kwenye vyuma chakavu. Ile nyuma, ile siti waliyolala watoto usiku wa safari, haina soko.

Mimi ninayo moja. Nilijifunza ufundi Ilala, nikaja huku nikaangukia kwenye kazi za bodi na rangi, na jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa nayo kwenye banda lake, gari aliyoachiwa na baba yake. Alipoamua kuhamia kwa binti yake akaitangaza. Kaja bwana mmoja na trela, pesa taslimu mfukoni, akaizunguka mara moja akasema anataka pua, bampa zote mbili na dashibodi. Mzee akamuuliza, na huku nyuma utafanyaje? Yule bwana akajibu bila kusita, nyuma ni chuma chakavu. Mzee akakaa kimya muda, mkono wake ukiwa juu ya pezi, afu akanigeukia mimi niliyekuja tu kumsaidia kusukuma gari akaniuliza, wewe una shilingi ngapi. Nimemlipa kidogo kidogo miezi saba.

Picha zinagoma kupanda nitajaribu baadae. Ulizeni maswali, ninayoyajua nitajibu.

dereva_masafa:

Mkuu umenigusa. Swali la kwanza, unajuaje kama ni Bel Air ya ukweli na sio ile ya bei chini iliyopachikwa mapambo?

Fundi wa Ilala:

Swali zuri mkuu. Chevrolet ya 1957 ilikuwa na ngazi tatu, chini kabisa ni 150, katikati 210, juu Bel Air. Bodi ni zile zile ila Bel Air ina kile kibati cha alumini chenye mistari ubavuni nyuma kinachojaza pezi, na grili yake ina rangi ya dhahabu. Sasa mapambo yanapachikika, kwahiyo usiamini macho, soma namba.

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibati kidogo. Changu kinaanza C57N. C ni Bel Air ya silinda sita, ingekuwa V8 ingeanza na VC. 57 ni mwaka. N ni kiwanda cha Norwood, Ohio, pale pale Cincinnati, ni mwendo wa kama saa moja kutoka ninapokaa na kiwanda chenyewe kilifungwa 1987. Afu fungua boneti, kwenye ukuta wa injini kuna kibati kingine cha bodi, changu kimeandikwa 1019D ambayo ndo sedan ya milango minne. Ukiona 1037D ni ya milango miwili isiyo na nguzo katikati. Nilivyokuwa nasugua kile kibati na brashi ya waya herufi zikaanza kutokea moja moja nikahisi kama nasoma cheti cha kuzaliwa cha mtu.

Na kuna ya milango minne isiyo na nguzo, waliiita Sport Sedan. Ukishusha vioo vyote pembeni panakuwa wazi mbele mpaka nyuma. Yangu ina nguzo na kila kioo kina fremu yake. Hiyo nguzo watu wanaiona kasoro ila kwa fundi wa bodi ni rafiki, paa halichezi na milango inafunga miaka sitini baadae.

nyundo_na_patasi:

Buda hiyo silinda sita si ni uvivu? Hizi gari raha yake ni V8.

Fundi wa Ilala:

Kaka hapo nakubaliana na wewe nusu. V8 ya Chevrolet ni historia kubwa, ilitoka 1955 chini ya injinia mkuu wao Ed Cole, ndogo, nyepesi, na kwa 1957 wakaipanua ikawa inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6. Ya kabureta ya kawaida nguvu farasi 185, na ile yenye mfumo wa Rochester wa kupulizia mafuta badala ya kabureta ilifika farasi 283, farasi mmoja kwa kila inchi, kitu walichojisifia mno. Kizazi cha injini ile kiliendelea kutengenezwa kwa miongo.

Lakini familia nyingi zilichukua sita. Ni inchi 235, kama lita 3.9, farasi 140, valvu juu, na ukifungua boneti unaweza kusimama ndani ya chumba cha injini ukafanya kazi maana nafasi imebaki pande zote. Yangu ina giaboksi ya Powerglide, otomatiki ya gia mbili tu. Gia mbili! Ukikanyaga inavuta taratibu, inanguruma kwa sauti ya chini, inabadilisha mara moja basi, safari nzima umemaliza kazi. Mwendo wake ni wa mtu aliyebeba watoto na keki nyuma, na mimi ndo hivyo hivyo naiendesha.

Platini na kondensa, ule mfumo wa zamani wa kuwasha cheche, bado nimeziacha. Fundi yeyote aliyesoma kwenye Peugeot 404 au Land Rover za zamani ataijua hii injini kwa siku moja.

Kasuku wa Pwani:

Haya mapezi yalikuwa na kazi gani jamani au urembo tu?

Fundi wa Ilala:

Urembo mkuu, ila urembo wenye ukoo. Mkuu wa usanifu wa General Motors (wenye Chevrolet na Cadillac), Harley Earl, kabla Marekani haijaingia vitani aliwapeleka vijana wake kuangalia ndege ya kivita P-38 Lightning, ile yenye mikia miwili. Vita ilipoisha Cadillac ya 1948 ikatoka na vijipezi viwili vidogo nyuma. Watu wakapenda. Kuanzia hapo kila mwaka vinapanda, 1957 Chrysler chini ya Virgil Exner wakatoa gari ndefu, zimelala chini, mapezi marefu, na Plymouth wakatangaza kwamba ghafla ni 1960. Kilele ni Cadillac ya 1959, pale pezi lina taa mbili kama risasi. Baada ya hapo yakashuka mpaka Cadillac wenyewe wakayaondoa baada ya modeli ya 1964.

Na kitu watu hawajui, Bel Air ya 1957 ilishindwa mwaka wake. Bodi ilikuwa ile ya 1955 iliyorekebishwa mara ya pili, wakati Ford na Plymouth wamekuja na bodi mpya kabisa, na kwa mwaka ule wa modeli Ford walitengeneza gari nyingi kuliko Chevrolet. Ukiziweka pamoja leo Chevrolet inaonekana fupi na imesimama. Ila mimi naona hapo hapo ndo uzuri wake, paa liko juu, mtu mzima anaingia siti ya nyuma na kofia yake kichwani. Pezi lake limekatwa safi, halijapitiliza.

Pezi la kushoto ndo lina siri. Siku ya kwanza nimeitoa barabarani nimeenda nayo sheli na binti yangu wa miaka sita, kashuka kaizunguka gari mara mbili, akaniuliza, baba hii inakunywa wapi? Nikamwambia tafuta. Kapapasa ubavu, kaangalia nyuma ya namba, kachungulia chini, hakuna mfuniko popote. Nikamshika mkono nikamwekea kidole kwenye ule mkanda wa kromu unaoshuka nyuma ya pezi juu ya taa. Akauvuta, ukafunguka kama kijimlango, ndani mfuniko wa tanki. Alipiga kelele mpaka watu wakageuka. Kwenye 1956 walikuwa wameuficha nyuma ya taa yenyewe ya kushoto. Sasa hivi kila tukienda sheli kazi ya kufungua ni yake, hakuna mwingine anaruhusiwa.

nyundo_na_patasi:

Kitu moja najua hizi gari zilikuwa chuma. Leo ukigonga Vitz inakunjika kama karatasi. Hiyo Bel Air ukigonga ukuta ni ukuta unaumia.

Fundi wa Ilala:

Kaka hapa naomba unisikilize sana kwasababu ni mambo ya roho za watu, na mimi kazi yangu ni kunyoosha gari zilizogongwa.

Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, ilikuwa inatimiza miaka 50. Wakachukua Bel Air ya 1959, sedan ya milango minne, wakaigonganisha uso kwa uso upande wa dereva na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja kilomita 64 kwa saa. Video ipo itafuteni. Malibu pua ilikunjika yote ila chumba cha abiria kikabaki. Bel Air chumba cha dereva ndo kikakunjika, dashibodi na usukani vikamfuata mtu kwenye siti. Kwa vipimo vya yule mwanasesere dereva wa 1959 angekufa, wa Malibu angeumia mguu.

Chuma kinene sio usalama. Gari kukunjika mbele ndo kazi yake, inakula ile nguvu kabla haijakufikia wewe. Yangu ya 1957 chasisi yake sio ile ya umbo la X ya 1959, lakini mhimili wa usukani ni fimbo ya chuma iliyonyooka mpaka kifuani kwa dereva, dashibodi ni bati tupu. Masta silinda ya breki ina chumba kimoja, ukipasuka mpira mmoja huna breki kabisa. Mimi naipenda hii gari kuliko kitu chochote ninachomiliki na bado nimeifunga mikanda siti zote na kuweka masta silinda ya vyumba viwili kabla mtoto wangu hajakanyaga ndani. Anayesema hapo nimeharibu uasilia tutatofautiana kwa amani.

Mama Wawili:

Kaka asante kwa uzi mtamu. Mimi swali langu ni la tofauti. Hizi picha za matangazo ya zamani ni baba mzungu mama mzungu na watoto wawili. Watu weusi wa Marekani walikuwa nazo?

Fundi wa Ilala:

Dada hili swali lilipaswa kuwa la kwanza. Walikuwa nazo, na kwao gari la familia lilikuwa na uzito mwingine kabisa.

Kumbuka mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, pale watu weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowabagua, Desemba 1955 mpaka Desemba 1956, siku 381. Watu walifikaje kazini? Kwa miguu, na kwa magari ya watu binafsi. Walipanga magari kama 300, na vituo, na ratiba, na makanisa yakanunua stesheni wagoni. Hizo zilikuwa sedan za kawaida za familia, Chevrolet, Ford, Plymouth, milango minne ili watu sita waingie na kutoka haraka. Hii ya 1957 imeingia madukani vuli ya 1956 mgomo ukielekea mwishoni.

Na safari ndefu vile vile. Familia nyeusi ikitoka kaskazini kwenda kusini kuona ndugu haikuwa na uhakika wa hoteli wala choo. Mtu mmoja wa Harlem, New York, aliyekuwa mbeba barua, Victor Hugo Green, kuanzia 1936 alikuwa anatoa kijitabu cha sehemu ambazo mweusi atapokelewa, hoteli, gereji, migahawa. Mzee wangu niliyenunua kwake ni mweusi. Alinisimulia kuwa baba yake akisafiri kwenda Georgia alijaza buti chakula, maji, blanketi na ndoo, na wakisimama kujaza mafuta watoto walikatazwa kushuka kabisa. Wanalala humo humo, watoto watatu siti ya nyuma, baba anaendesha usiku.

Nilipong'oa ile siti ya nyuma kusafisha sakafu nilikuta vibanio vya nywele vinne, senti moja ya 1958, kijiko kidogo cha mtoto, na kalamu ya rangi ya nta, nyekundu, imeyeyuka ikaganda kwenye bati. Nilimpelekea mzee kwa binti yake. Vibanio alisema ni vya dada yake, akaviweka mfukoni. Ile nta sijaikwangua ipo mpaka leo chini ya zulia.

Ndo maana yule bwana aliposema nyuma ni chuma chakavu mzee alinyamaza vile.

Mama Wawili:

Nimeisoma hii mara mbili kaka. Mungu ampe mzee umri.

dereva_masafa:

Vipi Kuba? Naona kule zimejaa mpaka leo.

Fundi wa Ilala:

Kuba ndo wanaoziheshimu kuliko Wamarekani wenyewe mkuu, kwa lazima na kwa mapenzi pia. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani spea zikakatika, na kwa miaka mingi gari ambazo mtu aliruhusiwa kuuziana bila kibali maalumu ni zile za kabla ya mapinduzi, sheria hiyo imelegezwa 2011. Kwahiyo gari ya babu ndo ikabaki mtaji. Wanaziita almendrón, yaani lozi kubwa, zinapiga ruti kama daladala, na humo ndani utakuta injini ya dizeli au ya Volga ya Kirusi. Na kule milango minne ina thamani, kwasababu abiria wa nyuma anataka mlango wake. Gari ya kazi inajulikana kwenye kazi.

Kasuku wa Pwani:

Na za usukani wa kulia zilikuwepo?

Fundi wa Ilala:

Zilikuwepo, Australia na Afrika Kusini wanazo. Ukiikuta angalia dashibodi, zile za 1957 za kulia zina dashibodi ya muundo wa 1955 iliyogeuzwa upande, sio hii yetu yenye visahani vitatu vya duara. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia ya kulia yenye dashibodi ya kushoto ujue imehamishwa, uliza nani kahamisha na usukani kaunganisha vipi.

dereva_masafa:

Mkuu umepotea wiki tatu, gari imefikia wapi?

Fundi wa Ilala:

Samahani wakuu kazi zilibana. Kuna jambo limetokea na nimekaa nalo sijui nilisemeje.

Mlango wangu wa nyuma kushoto ulikuwa umeoza chini, kutu imekula kuanzia ndani kwasababu matundu ya kutolea maji yaliziba majani. Nimechomelea vipande mara mbili havikai. Sasa yule bwana wa trela, huyo huyo, alikuwa na namba yangu, kanipigia. Kasema amechinja sedan nyingine, pua kaipata, amebakiwa na milango ya nyuma yote miwili mizima kabisa, kama naitaka nije nichukue kabla lori la vyuma chakavu halijapita.

Nimeenda. Ile gari ilikuwa imelala kwenye majani bila uso, siti ya nyuma bado imo, panya wamefanya kiota. Nilitaka kumwambia maneno makali nikashindwa, maana ile milango nilikuwa naihitaji na yeye ndo pekee aliyekumbuka kunipigia. Nikafungua bolti za bawaba mwenyewe, sikumuachia avute kwa nyundo. Nimechukua milango yote miwili, vitasa, vioo, na mipira iliyobaki.

Jumamosi nimeufunga wa kushoto. Nimerekebisha bawaba kama saa mbili hivi, nikaweka karatasi kwenye ukingo kupima nafasi, juu imekaa, chini imekaa, nikausukuma kwa kidole kimoja ukafunga kwa mlio ule ule wa milango mingine mitatu.

Gari yangu ni bluu, paa jeupe. Huu mlango ni kijani, rangi ya kiwandani ya hiyo nyingine, Surf Green, na kwa ndani karibu na kitasa kuna alama za kucha za mbwa. Binti yangu kakataa nisiupige rangi. Nimemwambia tutaongea joto likifika.